Jinsi nilivyoacha kuzibandika diatomu za Antaktika majina ya Ulaya

"Tumia kitabu cha utambuzi cha Ulaya tu, diatomu ni zile zile dunia nzima." Ushauri huo, kuhusu mwani huu wa seli moja wenye gamba la silika, ulinilia karibu miezi mitatu, na aliyenipa alijiamini kama aliyezaliwa ndani ya hadubini.

Nililetewa vichupa vya utando wenye diatomu, mweusi na wa rangi ya chungwa, kutoka vijito vya Taylor Valley katika McMurdo Dry Valleys, mabonde makavu ya Antaktika, ambako maji ya barafu hutiririka wiki chache tu za kiangazi. Kuzisafisha diatomu hizo kwa haidrojeni peroksaidi si kazi. Balaa lilikuja kwenye slaidi. Kwa ubahili wangu nilizigandisha kwa zeri ya Kanada, gundi ya slaidi, nikachungulia, nikaona vivuli hafifu. Nikabadili lenzi, nikapangusa miwani, nikamlaumu aliyekusanya. Kumbe zimo tele! Zeri na silika hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana, basi gamba hupotea kama barafu ndani ya glasi ya maji. Gundi nyingine, Naphrax, yenye fahirisi ya kupinda mwanga ya zaidi ya 1.7, ikazifichua. Bei yake inauma, ila tone moja latosha.

Hapo nikafungua kile kitabu, na kila diatomu ya jenasi Luticola nikaiita Luticola mutica, spishi ya kitabuni. Jedwali likapendeza kweli. Nilipoanza kupima (mistari mingapi katika mikromita 10, ncha zimevimba au la, kile kitundu cha pekee kimekaa wapi karibu na kitovu) "spishi" yangu moja ikavunjika kuwa tatu. Luticola muticopsis, mwenyeji halisi wa kusini, nilikuwa nimeimeza mzima mzima.

Ninachojivunia ni sindano. Nilikuwa nachanganya jenasi mbili, Hantzschia na Nitzschia, maana kila seli ina magamba mawili, na gamba likishatengana na mwenzake halisemi mengi. Nikarudi kwenye utando ambao haujasafishwa, tone la maji, kioo cha juu, kisha nikagonga kioo taratibu kwa ncha ya sindano. Seli ikabiringika kama gogo mtoni! Kila gamba lina mfereji wake: mifereji miwili ikiwa upande mmoja, Hantzschia. Ikipishana kimshazari, Nitzschia. Jioni nzima niligonga, nikicheka peke yangu.

Juzi yule aliyenipa ushauri wa kitabu aliona "Luticola sp. 2" jedwalini, yaani spishi isiyo na jina bado, akauliza kwa nini kazi haijaisha. Nikamkabidhi sindano, nikampisha kitini.