Bipu inaziba lipi, inaacha lipi

Mwaka wa pili huu nafanya transkripsheni onlaini, yaani nakaa na hedifoni hapa nyumbani Kisauni nasikiliza Wazungu wakiongea halafu naandika kila neno, na kilichonisumbua kuliko vyote sio lafudhi ya Waskoti kama wengi wanavyodhani, ni matusi. Mwezi wa kwanza tu klaenti mmoja wa Marekani alinirudishia faili na pesa akanikata kwa sababu lile neno la F nimeliandika zima. Sawa, nikajifunza. Wiki mbili baadaye nikapata kazi ya Muingereza, mahojiano na mpiga gitaa mzee, nikapanga nyota zangu vizuri, herufi ya kwanza halafu nyota tatu, faili likarudi tena, ati nani kakwambia ubadilishe maneno ya mtu? Lugha moja, neno moja, na mara zote mbili mimi ndio mkosa. Iliniuma sana, ndio nikaanza kufuatilia hii habari.

Marekani mengi yanatokana na kesi moja. Tarehe 30 Oktoba 1973, mchana, redio ya WBAI ya New York ilirusha rekodi ya mchekeshaji George Carlin akiyachambua maneno machafu moja moja, na baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe akasikia, akapeleka malalamiko kwa FCC, ile tume ya mawasiliano. Mambo yakafika Mahakama ya Juu, na 1978 majaji watano kwa wanne wakasema serikali inaweza kuzuia, manake redio inaingia nyumbani kwa mtu bila hodi na mtoto anaisikia hata kama hajajua kusoma. Mpaka leo stesheni za hewani, zile zinazonaswa kwa antena, maneno hayo zinayaepuka mchana kutwa, nafasi iko kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini sheria hiyo ni ya stesheni za hewani tu, kebo haimo! Kwa hivyo ukisikia bipu, ule mlio wa kuziba tusi, kwenye chaneli ya kebo ujue hapo FCC haijawalazimisha, wanachunga kampuni za matangazo zisikimbie.

Na bipu yenyewe ni toni ya hezi 1000, ukikaa nayo masaa sita masikioni inachoma kama sindano. Halafu mara nyingi imechelewa kidogo, unasikia F inaanza, tiiiii, halafu K mwishoni, yaani neno umelisikia lote na juu yake umeongezewa kelele. Mimi huwa narudisha nyuma mara tatu nne kuweka alama ya saa inapoanzia na inapoishia, na hakuna hata sku moja nimeshindwa kujua kilichozibwa ni nini.

Uingereza wamechagua saa. Kabla ya saa tatu usiku watoto wanaangalia, kwa hivyo mdomo safi, baada ya hapo mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wazima waambiwe kama watu wazima. Na magazeti yao nayo, Guardian linaliandika neno kamili, nyota halitaki kabisa, wakati New York Times kwa kawaida litazunguka mbuyu mzima ndio likwambie mtu katukana. Kuna ile filamu ya 2010 The King's Speech, inayomhusu mfalme George wa Sita na kigugumizi chake, ambapo mwalimu wake anamfundisha kutukana ili ulimi ufunguke. Uingereza bodi ya kupanga filamu kwa umri ilianza kuipa 15, yaani chini ya miaka 15 haingii, halafu ikateremsha hadi 12A, ambapo chini ya miaka 12 anaingia na mtu mzima, wakasema matusi yale ni ya matibabu. Marekani ikapewa R, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi ama mlezi, na mwaka uliofuata ikabidi watoe kopi nyingine ambayo maneno yamenyamazishwa ndio ipate daraja la chini. Mfalme yule yule, kigugumizi kile kile.

Waaustralia ndio walinishangaza zaidi. Mwaka 2006 walitengeneza tangazo la utalii, vijana wako ufukweni mwishoni msichana anauliza "Where the bloody hell are you?", kwao hiyo ni kama kumwambia rafiki yako mbona hujafika bwana. Uingereza wakalizuia tangazo kwenye tivi kwa ajili ya "bloody", ikabidi waziri wa utalii wa Australia afuatilie mpaka London ndio likaruhusiwa. Na Mmarekani "bloody" haimgusi kabisa, kwake ni kipambo cha lafudhi ya Kiingereza tu.

Sisi huku neno hilo tunalijua vizuri sana. Bladifuli. Babu yangu alikuwa nalo mdomoni mpaka anakufa, alilipata Nyali kwenye nyumba ya Mzungu aliyempikia miaka ya hamsini, na akikasirika na mbuzi wake utasikia bladifuli we, tunacheka.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimesoma na kusikiliza haya mambo miaka miwili na kinachonikera ni kwamba kwa muda mrefu sana walichokuwa wanakiziba ni maneno ya chooni na ya kitandani, yale ya kumtukana mtu kwa ngozi yake yakapita bila shida. Agatha Christie alitoa kitabu London 1939 na neno la N, lile la kumtusi mtu mweusi, liko kwenye jina la kitabu, juu kabisa kwenye jalada. Marekani 1940 mchapishaji akakataa, akakiita And Then There Were None. Uingereza waliendelea kukichapa na jina lile la mwanzo hadi 1985, miaka zaidi ya 40, nchi ambayo "bloody" ilikuwa inaipa shida! Ile filamu ya vita The Dam Busters ya 1955, mbwa mweusi wa rubani anaitwa jina hilo hilo, kwenye baadhi ya kopi za Marekani wakamdabia aitwe Trigger. Sku hizi wamebadilika, Ofcom, ile mamlaka yao ya utangazaji, ikiwauliza Waingereza maneno gani hawataki kuyasikia, ya ubaguzi wa rangi yako kule juu kabisa. Nafurahi, kweli nafurahi, lakini wamechelewa sana na waliochelewa kusikilizwa ni sisi.

Mnakumbuka Januari 2018, ripoti zilipotoka kuwa Trump ameziita Haiti na nchi za Afrika mashimo ya kinyesi? Yeye alikana. Washington Post ilikuwa ya kwanza kuandika, CNN wakaliweka neno kwenye skrini herufi zote, New York Times ikaliandika ndani ya habari ila kwenye kichwa ikalikwepa. Wakahojiana wao kwa wao, tuliseme au tusiliseme, watoto wanasikiliza. Lakini kinyesi ndicho kilichotuuma? Hata angetumia neno safi kabisa, lisilozibwa na bipu yoyote, tungekuwa tumetukanwa vile vile, na mabalozi wa Afrika kule Umoja wa Mataifa waliodai aombe radhi hawakuwa wanalalamikia lugha chafu.

Babu alivyokuwa anasimulia yale maisha ya Nyali, bladifuli alikuwa anaitaja huku anacheka. Kulikuwa na neno moja akilifika sauti inashuka. Boi. Alikuwa na watoto wanne, nywele za panja zimeanza mvi, na kijana wa Kizungu aliyetoka shule juzi anamwita boi, njoo boi, lete chai boi.

Wiki iliyopita nimepata faili, mzee wa Kizungu anasimulia alivyoishi Kenya zamani, dakika 52. Maelekezo ya klaenti yanasema lugha chafu izibwe. Mzee amesema "damn" mara mbili, nimeweka nyota. Amesema "boy" mara kumi na moja, mara tisa kati ya hizo anamzungumzia mpishi wake, mtu mzima. Nilisimamisha sauti nikakaa muda mrefu nikiangalia skrini, halafu nikayaandika yote tisa kamili kama alivyoyasema, nikatuma.