Saa za maji, kwa saa zetu

Jana baada ya alasiri nimemaliza ukurasa wangu wa tatu wa wavuti, na huu naupenda kuliko yote. Unaonyesha saa za maji kujaa na kupwa hapa Wete, Pemba. Ami yangu ni mvuvi, hahitaji simu kuijua bahari: huhesabu tarehe za mwezi kwa vidole. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati, maji mafu: hujaa na kupwa kidogo tu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Hesabu hiyo nimeiandika kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za wavuti, usiku mbili.

Nikampa simu asome. “Maji kupwa 10:00.” Akanitazama. “Mwanangu, bamvua saa kumi maji yamejaa!”

Kweli. Mimi niliandika saa za kizungu, yeye akasoma saa zetu. Nikatoa 6. Ikawa sawa mchana, lakini saa tisa usiku ikatokea -3! Nikaongeza 12 kila jibu likishuka chini ya 1, nikatoa 12 likipita 12, ikakaa.

Leo alfajiri ameusoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya kioo. Sasa anataka niongeze upepo, kaskazi na kusi. Nimeshaanza.