Hilux ilikula mafuta, nikamshuku dereva

Nilinunua Hilux ya mwaka 1994 kwa ajili ya vitunguu. Ni pikapu ya kabini moja, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, injini ya dizeli 2L yenye cc 2,446, ile isiyo na tabo. Kazi yake ni moja: inatoka Morogoro tupu, inakwenda Ruaha Mbuyuni kupakia magunia, inarudi usiku ili alfajiri mzigo uwe sokoni Chifu Kingalu. Dereva nilimpata mtu mzima, aliyeendesha malori ya masafa tangu mimi sijaanza darasa la kwanza.

Mwaka 2022 dizeli ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nikawa nasubiri bei za EWURA, mamlaka inayopanga bei kikomo za mafuta, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nikaanza kuwauliza wenzangu wenye gari kama langu: lako lita moja linakwenda kilomita ngapi? Mmoja akasema kumi na moja, mwingine kumi na mbili. Langu sikujua, ila nilihisi halifiki huko. Na mwenye gari akishahisi hivyo, wazo la kwanza ni kwamba anaibiwa. Mchezo wenyewe mnaujua: mpira, dumu la lita tano, na mnunuzi wa kando ya barabara.

Sikumtamkia. Nikawa tu na maswali yasiyoisha, "mzee, mbona mshale umeshuka hivi?", mpaka siku moja akaegesha pembeni, akazima injini, akanigeukia. "Mwanangu, kama unanihesabia mafuta, hesabu vizuri. Usihesabu kwa mshale."

Alikuwa na haki. Mshale wa Hilux hii unaganda juu kwa kilomita mia na ushee, halafu unaporomoka kama umekatiwa kamba. Nikanunua daftari.

Kupima kunaonekana rahisi: jaza ful tanki, rudisha kihesabu kilomita kwenye sifuri, nenda, rudi, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Tabu iko kwenye neno "jaza". Dizeli inatoa povu, na povu likifika mdomoni bomba linakata kabla tanki halijajaa. Mara ya kwanza tulipolisubiri povu lishuke tukaongeza taratibu hadi mafuta yaonekane shingoni, ziliingia lita mbili na kitu zaidi. Kwenye safari ya lita hamsini, hilo ni kosa la asilimia nne, kubwa kuliko faida ya matengenezo mengine niliyokuja kuyafanya. Kwa hiyo ikawa sheli ile ile, pampu ile ile, gari limeelekea upande ule ule kwa sababu sakafu ina mwinamo. Kijana wa pampu alituona wendawazimu, mwishoni akawa ananiuliza mwenyewe, "Leo ngapi?"

Kosa la pili lilikuwa kwenye kilomita. Aliyeniuzia gari alikuwa ametoa tairi za 185R14 akafunga 195R14, ambazo ni kubwa kidogo, hivyo kila mzunguko gari linasogea mbali kuliko dashibodi inavyodhani. Kwenda na kurudi dashibodi ilisema 395. Simu, kwa satelaiti, ikasema 405. Nikashika 405.

Safari nne za mwanzo sikugusa kitu chochote kwenye gari. Ya kwanza tulikwenda wote, yeye kwenye usukani: lita 50.0. Ya pili alikwenda peke yake: 46.6. Ya tatu niliendesha mimi naye akiwa pembeni: 48.2. Ya nne nilikwenda peke yangu, nikiwahi soko: 50.4. Jumla kilomita 1,620 kwa lita 195.2, yaani kilomita 8.3 kwa lita.

Zisomeni tena hizo namba. Safari iliyokula kidogo kuliko zote ni ile niliyokuwa na hakika ataniibia. Iliyokula kuliko zote niliendesha mimi. Nilimwonyesha daftari, akalisoma kimya, akacheka mpaka akakohoa. Nikaomba radhi. Akasema nimnunulie chai na chapati mbili, yaishe.

Baada ya hapo tulikubaliana kugusa kitu kimoja kwa kila safari. Hili niliona gumu kuliko yote, maana fundi ukimfikishia gari anataka kufungua kila kitu siku hiyo hiyo, na ukimruhusu hutajua kilichosaidia ni kipi.

Tulianza na upepo. Tulipima asubuhi, tairi zikiwa baridi: nyuma psi 38 na 34, kwa gari linalobeba magunia! Tukapandisha hadi 55, bado chini ya kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na za mbele tukazisawazisha. Lita 47.1. Shilingi tulizotumia ni za kumshukuru kijana wa upepo tu.

Kisha breki, na hii aliigundua dereva. Tuliposimama Mikumi alishuka akapitisha kiganja karibu na kila rimu. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto, wenzake vuguvugu. Tukalipiga jeki: gurudumu la kulia likazunguka kwa kidole, la kushoto likahitaji mikono miwili. Wili silinda, ile inayosukuma breki ndani ya gurudumu, ilikuwa imeganda kwa kutu na breki haziachii. Tulikuwa tukitembea miezi yote hiyo tumekanyaga breki. Lita 45.0.

Nikiwa nimechangamka, nikanunua kwa mchuuzi sumaku ya kufunga kwenye bomba la dizeli, eti "inapanga mafuta". Lita 45.2. Sumaku hiyo sasa inashikilia kalenda kwenye friji. Dawa ya kuchanganya kwenye tanki nayo haikubadilisha kitu, na ilikuwa ghali.

Themostati ndiyo ninayopenda kuisimulia. Mshale wa joto wa gari hili haukuwahi kufika katikati, na mimi nilikuwa najivunia: injini yangu haichemshi! Fundi wa pili niliyemwendea akafungua kikombe chake, ndani hamna kitu. Mmoja wa mafundi waliotangulia aliitoa, kwa hoja tunayoisikia kila gereji, kwamba nchi yetu ya joto kifaa hicho cha nini. Kumbe injini ya dizeli inataka joto. Themostati inayazuia maji yasiende kwenye radieta mpaka yapate moto, hii yangu hufunguka kwenye nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanapita muda wote, injini inabaki baridi, oili inabaki nzito, mafuta hayaungui vizuri. Tena usiku, ukishuka bondeni na upepo wa Ruaha unapuliza radieta, unalipoza gari lililokuwa halijapata hata joto. Lakini msikimbilie kuirudisha. Huenda ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, kwa hiyo kwanza tulisafisha radieta na kubadilisha mfuniko wake uliokuwa umelegea. Lita 42.6, na hita ya kwenye kabini ikaanza kufanya kazi, kitu ambacho sikujua kama gari linacho.

Nozeli, zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zilinitoa pesa nyingi kuliko vyote. Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi kwenye vilima, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua sawasawa. Kwenye mashine ya kupimia, mbili zilinyunyiza ukungu mzuri, mbili zilikojoa. Tukabadilisha zote nne, pamoja na filta ya dizeli na ea klina iliyokuwa imejaa vumbi la mashambani. Najua, hivyo ni vitu vitatu kwa mpigo, kinyume na sheria yangu. Mfuko haukuniruhusu kulaza gari mara tatu. Lita 40.1.

Kilichobaki kilikuwa mguu wangu. Dereva wangu haendi zaidi ya 80. Mimi njia ikinyooka nilikuwa nagusa 100, halafu nakanyaga breki kwenye tuta la kijiji kinachofuata. Upepo unaolikabili gari hauongezeki sawa na mwendo, unaongezeka kwa mraba wake: kutoka 80 hadi 100 nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Na pikapu yenye fensi ya mbao juu ya bodi ni kama ukuta. Tukaifanya fensi ya kuchomeka, wakati wa kwenda tupu inalala chini. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna kilomita 50 hivi ambazo kwa vyovyote huwezi kukimbia kwa ajili ya wanyama, kwa hiyo muda niliopoteza safari nzima haukufika hata saa moja. Niliacha pia kuweka nyutro mteremkoni. Mzee alinigombeza: ukiachia eksileta gari likiwa kwenye gia, pampu ya dizeli inafunga kabisa, ukiweka nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki ndizo zinazobeba magunia.

Lita 37.5. Kilomita 10.8 kwa lita. Kumi na mbili ya yule mwenzangu sijaifikia, ingawa nilipomuuliza anapimaje, aliniambia anaangalia mshale.

Daftari sasa analishika mzee. Wiki iliyopita alirudi na lita 39.8, na kabla sijafungua mdomo nikakuta ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "upepo, nyuma kushoto". Tukapima, 36. Tulipozungusha tairi tukaona kichwa cha msumari.