Anayedai Damu Ilioshwa Athibitishe Kuoshwa Kwake

Kesi yoyote ya mauaji inapozungumzwa barazani hapa Kibokoni, hakosi mtu wa kusema kwamba mshtakiwa hakuacha alama kwa sababu alisafisha. Hoja hiyo ina hatari moja, nayo ni kwamba haishindiki: alama zikipatikana ni ushahidi, na zisipopatikana ni ushahidi vilevile. Mimi huwarejesha wenzangu Perugia, Italia, ambako mwanafunzi Mwingereza, Meredith Kercher, aliuawa chumbani mwake usiku wa tarehe 1 Novemba 2007.

Rudy Guede, aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo, aliacha alama ya kitanga cha mkono kwenye mto na vinasaba vyake mwilini mwa marehemu, na nyayo za kiatu chake zenye damu zilionekana kwa macho ujiani, zikielekea mlango wa kutokea. Vinasaba vya Amanda Knox, aliyeishi nyumba hiyo, havikupatikana katika chumba cha mauaji, na upande wa mashtaka ukadai kwamba yeye na mpenzi wake, Raffaele Sollecito, walisafisha. Sasa, ni msafishaji gani huyo anayefuta yasiyoonekana na kuyaacha yanayoonekana?

Jibu la mashtaka lilikuwa luminoli. Kemikali hiyo iliponyunyizwa sakafuni Desemba 2007, ilionyesha nyayo za miguu mitupu ujiani na chumbani mwa Knox. Hapo ndipo wengi huteleza. Luminoli hung'aa rangi ya buluu inapokutana na chuma kilicho ndani ya damu, lakini hung'aa pia kwa jiki, kwa kutu, kwa shaba na hata kwa maji ya baadhi ya mboga, ndiyo maana mng'ao huhesabiwa kuwa fununu ya kufuatiliwa kwa kipimo kingine. Nyayo zile zilipopimwa kwa TMB, kemikali nyingine ya kutambua damu, hazikuonyesha damu. Isitoshe, anayesugua damu kwa tambara huiburura, na mburuzo huo nao hung'aa. Zilizong'aa Perugia zilikuwa nyayo zenye umbo linalotambulika la unyayo.

Mashtaka walikuwa na hoja moja nzito, nami siipuuzi: zulia dogo la bafuni lilikuwa na unyayo mtupu wenye damu, bila nyayo nyingine za kuufikisha pale. Hata hivyo, mtu aliyeosha mguu bafuni na kukanyaga zulia mguu ukiwa bado una maji yenye damu angeacha alama hiyo hiyo.

Mahakama ya juu kabisa ya Italia iliwaachilia huru Knox na Sollecito Machi 2015, na katika sababu zake ilisema kwamba kusafisha kwa kuchagua, yaani kuondoa vinasaba vya mmoja na kuacha vya mwingine, hakuwezekani. Kwetu Kenya, kanuni ya ushahidi wa kimazingira, yaani wa dalili bila shahidi aliyeona tendo, katika kesi ya Kipkering arap Koske, ya mwaka 1949, inataka mambo yanayomlemea mshtakiwa yasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa hatia yake. Kwa hiyo, shahidi akisimama katika mahakama ya Mombasa na kusema kwamba sakafu ilioshwa, wakili anapaswa kumuuliza kama ndoo, tambara na mfereji wa maji machafu vilipimwa, na nini kilionekana.