Jumamosi Niliyouachia Mkono wa Mama

Mwalimu aliyekuja kumfundisha mama alipiga hodi saa mbili asubuhi. Nilipofungua mlango nikachungulia nyuma yake kumtafuta aliyemleta, nisimwone mtu. Alikuwa peke yake na fimbo yake nyeupe. Ametoka Chumbageni kwa daladala, akashuka kituoni, akauliza njia mara moja tu, akafika kwetu Ngamiani, mjini Tanga.

"Shikamoo mama," alisema, uso ameuelekeza kwenye mkeka, kule ilikotokea sauti ya mama akikohoa.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Mama alinyamaza kitambo. Yeye alikuwa na miaka miwili hajavuka hata mtaro wa mbele ya nyumba bila mkono wangu.

Kilichochukua macho ya mama ni presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glakoma. Kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Majimaji ya ndani ya jicho yanakosa njia nzuri ya kutokea, shinikizo linapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo. Mara nyingi mtu huanza kupoteza uoni wa pembeni huku mbele bado anaona, kwa hiyo hashtuki. Mama alikuwa akijigonga kwenye mwimo wa mlango, akipiga teke ndoo iliyowekwa kando, nasi watoto wake tukimwambia, "Mama, si uangalie!" Neno hilo linaniuma mpaka leo. Majirani nao walisema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa ataona. Ingekuwa mtoto wa jicho, ingewezekana. Lakini katika presha ya macho kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone hulinda kilichobaki, na tulipofika kwa daktari kwa mama kilikuwa kimebaki mwanga tu wa dirisha. (Watoto na ndugu wa mgonjwa wako hatarini zaidi kuliko watu wengine. Mimi na kaka yangu tunapimwa kila mwaka, na kila ninayezungumza naye habari hizi namsihi akapime.)

Daktari alitueleza yote hayo kwa upole. Tukapewa matone na tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba hospitali inapoishia kuna kazi nyingine inaanza, na kwamba wapo watu wanaoifanya. Mwalimu huyu nilimpata kwa bahati tu: nilimwona akishuka kwenye daladala, nikamfuata, nikamwomba radhi kwa kumsimamisha, nikamsimulia habari za mama pale pale barabarani. Alikuwa wa chama cha wasioona. Alisoma Irente, kule Lushoto, shule ya wasioona ya Kanisa la Kilutheri, na siku za mapumziko alikuwa akizunguka nyumba za watu waliopoteza uoni ukubwani. Miaka miwili ya mama kukaa kwenye mkeka ilikwisha kwa sababu nilisimama kituo kile saa ile. Nikiwaza kwamba ningeweza kupita upande wa pili wa barabara, naingiwa na hasira.

Kwanza alinifundisha mimi. Aliniuliza huwa namwongozaje mama, nikamshika mwalimu kiganja nikamvuta kidogo.

"Unanikokota," alisema. "Asiyeona ndiye anayekushika wewe, hapa juu ya kiwiko, naye anakaa nusu hatua nyuma yako. Mwili wako ukishuka ngazi, yeye anajua kabla hajafika."

Mama akanishika kiwiko, tukazunguka ua mara mbili. Aliguna tu, lakini nilisikia vidole vyake vimelegea.

Kisha mwalimu akafungua mfuko, akatoa fimbo iliyokunjwa vipande vinne, akaiachia ikajinyoosha yenyewe. Akamsimamisha mama, akapima: ncha chini, mpini usawa wa kifua. Mama akaipapasa toka juu mpaka chini, akairudisha.

"Nikitoka na hii, mtaa mzima utajua nimekuwa kipofu."

"Mtaa unajua tayari, mama. Wasiojua ni waendesha baiskeli."

Anayeijua Tanga anajua uzito wa maneno hayo. Mji wetu ni wa baiskeli, na baiskeli haina mlio. Bajaji utaisikia tangu kona, lakini baiskeli utaijua ikishakufikia. Mama akanyoosha mkono, akaichukua tena.

Tulitoka. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha ya fimbo iende kushoto, ikapime mahali mguu wa kushoto utakapotua. Halafu kinyume chake. Mama alikosea, akaanza upya, akakosea. Mwalimu alikuwa ubavuni mwake akisikiliza mlio wa fimbo kwenye ardhi. Mimi aliniamuru nikae hatua kumi nyuma, kimya.

Penye mtaro niliona fimbo ya mama ikienda kulia zaidi, nikapiga kelele, "Mama!" Akashtuka, akasimama, akayumba.

"Binti," mwalimu alisema bila kugeuka, "umemtoa kwenye mtaro umempeleka wapi? Mama, endelea. Ncha inakwambia nini?"

Mama akagonga. Simenti. Akagonga tena, fimbo ikazama hewani. Akairudisha kushoto, akakuta bamba la kuvukia, akaligonga kingo zote mbili. Akavuka. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Dukani muuzaji alinitazama mimi kule nyuma, akaniuliza mimi, "Mama anataka nini?"

"Mama anataka sukari kilo moja," mama akajibu, "na mama yuko hapa mbele yako."

Noti alikuwa amefundishwa asubuhi ile ile: elfu moja haikunjwi, elfu mbili inakunjwa mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi inakunjwa kwa urefu. Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akachagua, akatoa elfu tano. Chenji alipopewa aliuliza kila noti ni ya ngapi, akazikunja palepale kaunta, taratibu, wateja wawili wakisubiri nyuma yake. Hakumwomba mtu radhi.

Mwalimu alikuja tena Jumamosi nyingi baada ya hiyo: kumimina chai kwa kupima na kidole ukingoni mwa kikombe, kuchambua mchele, hata herufi za mwanzo za nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Hakutudai zaidi ya nauli.

Lakini siku ile, tulipotoka dukani, mama alisimama, akageuza uso upande niliokuwapo.

"Wewe tangulia," akaniambia, "ukabandike maji ya chai. Mwalimu hajanywa kitu tangu alipofika."

Nikawapita, nikaenda kubandika.