Siku moja na wagonjwa wa moyo: mimi si kocha wa jimu

Nikisema kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa moyo, watu huniangalia kwa namna mbili. Kuna wanaodhani nachezea roho za watu, na kuna wanaoniona kocha wa jimu aliyebahatika kupata koti jeupe. Jumatatu iliyopita ilikuwa hivi.

Saa 1:00 asubuhi. Nawasha monita, naangalia betri ya mashine ya kushtua moyo, mtungi wa oksijeni na dawa ya kuweka chini ya ulimi. Nafanya hivyo kila siku, hata kama jana hakuna kilichoguswa.

Saa 2:00. Kundi la kwanza, watu sita. Presha, mapigo, mizani. Mizani wanaichukia wote, lakini mwenye moyo uliochoka akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hajanenepa. Ni maji yamejaa mwilini, na siku hiyo hapandi baiskeli, anamwona daktari. Halafu namuuliza kila mmoja usiku amelalia mito mingapi. Mgeni angedhani nauza magodoro. Ila mtu aliyekuwa akilalia mmoja akianza kuhitaji mitatu ili apumue, nimeshapata habari yangu. Dakika kumi za kupasha mwili, ishirini za kukanyaga, kumi za kupoa. Wakaenda zao.

Saa 3:30. Mama mmoja, wiki ya nane tangu apasuliwe kifua. Wanawe wanampenda kiasi cha kumkataza hata kutandika kitanda. Huwa nawasimulia kuhusu vijana watano wenye afya njema waliolazwa kitandani wiki tatu kule Dallas mwaka 1966, kwa ajili ya utafiti tu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, uzee wa miaka yote hiyo ulikuwa umewapunguzia kidogo kuliko zile wiki tatu za kulala.

Leo ni kipimo cha kutembea dakika sita. Korido ya mita 30, koni huku na koni kule, mimi na saa yangu. Siku ya kwanza alitembea mita 240, akisimama mara mbili kushika ukuta. Leo 315, bila kusimama.

"Kwa hiyo moyo umepona?"

"Moyo unaendelea vizuri, mama. Lakini waliojifunza zaidi ni miguu. Sasa inajua kuchota oksijeni nyingi kwenye damu ileile, kwa hiyo haimsumbui tena moyo kila hatua."

Akaitazama miguu yake kama watoto waliofaulu mtihani.

Saa 5:00. Mzee wa miaka 67, wiki ya kumi tangu awekewe stenti, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Shikamoo, marahaba binti yangu, namfunga mkanda wa presha. Mapigo 96. Ijumaa yalikuwa 60.

"Mzee, umepanda ngazi?"

"Nimekuja na lifti."

"Una homa? Umelala vizuri?"

"Kama mtoto."

"Dawa umemeza zote?"

Kimya. Akaanza kurekebisha saa yake, saa janja aliyonunuliwa na mwanawe na ambayo mimi nina ugomvi nayo tangu siku ya kwanza.

"Ile moja nimeipumzisha."

Ile moja ni beta bloka, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Ameipumzisha tangu Jumamosi. Kisa: kasoma kwamba mapigo ya juu ya mtu ni 220 ukitoa umri wake, akapata 153, halafu akaona kwangu hafiki hata 105. Akaamua dawa inamshika kama breki ya mkono, nami nambembeleza kama yai.

Nikachukua kalamu, nikamweleza. Ile hesabu ni wastani wa watu wengi, haijui umemeza nini. Dawa hii humzibia moyo masikio asisikie makelele ya adrenalini, ndiyo maana namba zako tulizitoa kwenye kipimo ulichofanya ukiwa umeimeza. Kilele chako 120, ukipumzika 60, tofauti ni 60. Chukua nusu ya tofauti hadi asilimia 70, ujumlishe na 60: 90 hadi 102. Hapo ndipo unapofanya kazi, si 153. Na ukiikata ghafla, moyo uliozoea kuzibwa masikio husikia kelele zote kwa mpigo. Moyo unakimbia, presha inapanda, kifua kinaweza kubana, na wengine hupata mshtuko wa moyo.

"Nimekuelewa. Basi nipande kidogo tu."

"Leo hupandi, mzee."

"Dakika tano."

"Hata moja."

"Nimetoka mbali, binti. Wewe ni rika la mjukuu wangu."

Nikampigia daktari, akasema anakuja. Papo hapo monita ya mgonjwa mwingine ikalia kana kwamba mtu kafa. Nikakimbia. Ilikuwa elektrodi, kile kibandiko cha kifuani kinachosoma mapigo, imebanduka kwa jasho. Nikafuta, nikabandika nyingine, nikageuka.

Mzee yuko juu ya baiskeli, anakanyaga, ananitabasamia.

Roho iliniambia nipige ukelele "Shuka!" Lakini mtu akisimama ghafla katikati ya kazi, damu hubaki miguuni, presha huporomoka, na moyo wenye hasira hupata sababu ya kuvurugika. Kwa hiyo nikalazimika kumbembeleza kweli. Nikapunguza uzito wa pedali, nikaweka mkono mgongoni kwake: "Endelea mzee, taratibu, taratibu zaidi." Mapigo 131. Nikamuuliza kazi ni nzito kiasi gani kwenye kipimo cha Borg, kile kinachoanzia 6 na kuishia 20.

"Kumi," akasema. Halafu akavuta pumzi. "Kumi na... moja."

Mtu wa kumi na moja anapiga soga. Huyu sentensi moja ilimkatikia njiani.

Tukapoa pamoja, mimi nikihesabu, yeye ameninunia. Kifua hakikumbana, namshukuru Mungu. Daktari alichukua dakika arobaini kufika, na dakika zote hizo nilikaa kwenye stuli kando yake nikipima presha kila baada ya tano, huku kundi la saa sita likinisubiri mlangoni na kutazama saa ya ukutani. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi. Dawa akarudishiwa na daktari, si mimi, maana maneno ya daktari yana uzito ambao yangu hayana.

Mchana sikumbuki vizuri. Makundi mawili, labda saa nane na saa tisa na nusu. Kuna mtu alibana pumzi akinyanyua vyuma vidogo nikamwambia ahesabu kwa sauti, kuna mwingine aliyekuja na ndala. Nilikula nimesimama.

Jioni nikakaa kujaza taarifa kwenye kompyuta, elektrodi moja imenigandia kwenye mkono wa koti tangu sijui saa ngapi. Mama wa korido: dakika 25. Wa ndala: 15. Nikafika kwa mzee. Nikaandika maelezo marefu, mfumo ukakataa kuyahifadhi mpaka nijaze kisanduku cha dakika za mazoezi alizofanyishwa na mhudumu.

Nikajaza 0.