Kumbukumbu ya banda la kuku Igombe: kujiandaa na masika

Februari, mwishoni

Kuku wangu ni wa kienyeji na chotara wachache, na wanalala karibu sana na Ziwa Victoria, huku Igombe, Mwanza. Anayefuga pwani hii anaijua mvua yetu. Ngurumo zinaanza kule katikati ya ziwa usiku wa manane, na kabla hakujapambazuka upepo umeshafika, mvua inapiga ubavuni mwa banda badala ya kushuka juu ya bati. Paa pekee halitoshi.

Niandike msimamo wangu mapema, maana kazi yote ya mwaka huu inatoka hapo: baridi ya Mwanza haiui kuku mkubwa. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na akijivimbisha manyoya anakuwa amevaa koti. Watu wa Kanada wanafuga kuku kwenye theluji na kuku hao wanafika majira ya joto salama. Kinachotumalizia kuku ni maji. Manyoya yakilowa hayashiki tena joto, na matandazo yakilowa kuhara damu kunapata makazi, kwa sababu vimelea vyake vinahitaji unyevu na joto la wastani ili vikomae, na hivyo viwili masika inavyo tele. Kwa hiyo nimejipa lengo moja: banda likae kavu mpaka mwisho wa Mei.

Machi, wiki ya kwanza

Sakafu imeinuliwa. Mawe Mwanza hayatusumbui, kwa hiyo tumepanga mawe, juu yake kokoto na moramu iliyoshindiliwa, ikawa juu ya usawa wa uwanja kwa zaidi ya futi moja. Upande wa mlimani nimechimba mfereji wa kukinga maji yanayoteremka kwenye miamba. Maji hayo yana nguvu kuliko ya mvua yenyewe, na mvua ikishakata bado yanashuka kwa muda mrefu. Paa limeongezwa likatoka nje ya ukuta karibu mita moja.

Kwenye kuta ndipo tulipobishana na fundi.

“Mama, tuzibe kote mpaka juu. Hawa watakufa kwa baridi.”

“Hapana, fundi. Hapo juu chini ya bati acha wazi, weka wavu tu.”

“Na upepo?”

“Utapita juu ya vichwa vyao.”

Hakuridhika, lakini aliacha. Kuku anatoa mvuke kila anapopumua, na kinyesi chake kina maji mengi. Ukiziba banda lote, mvuke huo unagonga bati lililopoa usiku na kuwarudia kama matone. Hewa ya kinyesi nayo inabaki humohumo, inachoma macho na njia ya hewa, na mafua yanakuwa rahisi kuingia. Sharti ni moja tu: uwazi uwe juu ya fito za kulalia, upepo usiwapige kuku wakiwa wamelala.

Mapazia nimeshona kwa viroba vilivyokwisha pumba. Yamefungwa chini na yanavutwa kwenda juu kwa kamba, ili hata yakifungwa, kule juu kunabaki nafasi. Nimeweka pande zote mbili. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba ikija inaleta upepo wake wenyewe usiofuata ratiba hiyo.

Machi, mwishoni

Mvua imeshika. Matandazo ni pumba ngumu za mpunga kutoka mashine ya kukoboa, unene wa sentimita 10 hivi. Kila asubuhi nayageuza kwa reki, hasa chini ya fito na kuzunguka vyombo vya maji. Halafu nachukua gao moja, nafinya kwa nguvu, nafungua mkono. Yakisambaratika, nashukuru. Yakibaki tonge, sehemu hiyo yote inatolewa na kumwagwa mpya siku hiyohiyo. Kipimo kingine: nachuchumaa mpaka pua ifike usawa wa kichwa cha kuku, kwa sababu harufu ambayo mtu aliyesimama haisikii, kuku anaipumua usiku kucha.

Vyombo vya maji vimepanda juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kuku. Jambo dogo, lakini limekausha kona nzima.

Aprili

Mvua kubwa karibu kila siku, na siafu nao wametoka. Maji yakijaa kwenye mashimo yao wanahama kwa misururu, na wakipita kwenye vifaranga usiku hawaachi kitu. Nimezungushia banda majivu makavu, nayarudishia kila mvua inapoyaosha, na miguu ya kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, nimeisimamisha kwenye makopo yenye mafuta machafu ya gari. Kenge nao wanapenda mayai, na huku ziwani wapo wengi, kwa hiyo viota vimehamia juu.

Chakula kimenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Dagaa wanaanikwa juani, na jua halipo. Wanaofika sokoni wengine wana unyevu katikati hata kama juu wanaonekana wakavu. Halafu mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa sababu taa zao hazivuti samaki kwenye mwanga wa mwezi, basi bei inapanda. Mimi navunja dagaa mmoja kabla ya kununua: akikatika kwa mlio, ninachukua, akipinda, namwacha. Pumba za mahindi naweka juu ya vichanja, mbali na ukuta, nanunua kidogokidogo. Pumba zilizoshika kuvu zina hatari ya sumukuvu, na sumu hiyo kuanika au kuchemsha hakuiondoi. Ukiona zimegandana na zinanuka uvundo, tupa. Inauma, lakini tupa.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) nimerudia, ile inayoitwa I-2, tone moja kwenye jicho moja, kuku mmoja baada ya mwingine, jioni wakiwa wameshatulia kwenye fito. Inarudiwa kila miezi 3. Ndui nayo hainipi usingizi msimu huu kwa sababu mbu wanaieneza, kwa hiyo nimefukia madimbwi yote na kupindua kila kopo lililokuwa likishika maji uani.

Mei

Mayai yamepungua, na jirani yangu ameniuliza kama niwawashie taa kama wanavyofanya Ulaya. Nimemweleza kwamba huko mchana wa msimu wa baridi unakuwa mfupi mno, na kuku anahitaji mwanga wa saa kama 14 ili atage vizuri. Sisi tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 hivi, Aprili kama Desemba. Kwangu sababu ni nyingine: wawili wananyonyoka manyoya, watatu wanaatamia, na wote wameshinda ndani kwa wiki nyingi bila majani mabichi. Nimeanza kuwakatia mchicha na kuuning'iniza juu ndani ya banda waurukie na kuudonoa. Makombe ya ziwani yaliyopondwa yapo kwenye kopo muda wote.

Vifaranga wamenipa furaha kubwa. Umeme hukatika radi zikianza, kwa hiyo natumia jiko la mkaa ndani ya chungu chenye matundu. Mkaa nauwasha nje mpaka uwe mwekundu wote, na chumba hakifungwi kabisa, maana hewa ya mkaa inaua kimya, vifaranga na mtu pia. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama 3 kila wiki. Lakini zaidi ya kipimajoto nawaangalia wenyewe. Wakirundikana kwenye chungu, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia mahali, tafuta tundu. Jana usiku walikuwa wametawanyika sawasawa, wengine wamelala ubavu mguu nje, nikafunga mlango nikaenda kulala.

Mwisho wa mwezi nitatoa matandazo yote na kuyapeleka kwenye bustani ya mboga. Mapazia yanabaki. Juni kiangazi kinaingia na upepo mkavu wa usiku, na ndio msimu ambao kideri husumbua zaidi vijijini, kwa hiyo vifaranga hawa nao watapata tone lao kabla sijawaachia uani.